Kazi ya Mwombaji

Karakana ya Msusi ilikuwa na sheria moja tu: anayehesabu hasemeshwi. Uje na mota inayofuka moshi, uje umetumwa na askari, uje hata kuposa; ukimkuta anazungusha mpini wa mashine huku midomo inamcheza, unavuta benchi, unakaa, unafunga bakuli lako mpaka aseme namba kwa sauti. Koili ikipungukiwa mizunguko michache, mota itanguruma vizuri tu leo, wiki ijayo itaungua, na siku hiyo hakuna atakayeuliza nani alipiga soga. Ataulizwa fundi.

Jina la Msusi alipewa na mtaa kwa mzaha. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa ameandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: TUNASUKA MOTA. Mvua ikalifuta neno la pili, likabaki la kwanza, na kwa mwaka mzima wanawake wakawa wanaingia na mafungu ya nywele za kuongezea, wanamkuta binti aliyevaa aproni ya ngozi, vidole vyeusi kwa vanishi, wanauliza msusi yuko wapi. "Ni mimi," alikuwa akiwajibu, "ila wateja wangu hawana vichwa." Jina likaganda kama vanishi yenyewe.

Baba alizikwa siku ya Jumanne, Msusi akiwa na miaka kumi na tisa, na chuo kilichompa nafasi ya kusomea umeme kilifunguliwa Jumatatu iliyofuata. Jumatatu hiyo alikuwa karakanani anaisuka mota ya pampu ya kisima, kwa sababu mwenye kisima alikuwa ameshalipa na wadogo zake wawili walikuwa wanataka kula. Aliwaambia watu ataenda mwakani. Wadogo wakasoma, wakamaliza, wakapata shughuli zao, na ile mwakani ikawa miaka saba.

Digrii naye alipewa jina na mtaa huohuo usiokuwa na kazi ya kufanya. Alikuja mwaka mmoja na nusu uliopita, shati limechomekewa, akasimama mlangoni na kuomba afundishwe bure. Alikuwa amesomea uhandisi wa umeme miaka minne mizima. Aliweza kukuandikia ubaoni, kwa alama za Kigiriki, kwa nini mota inazunguka, lakini hakuwa amewahi kuifungua. Chuoni kwao wanafunzi walikuwa tisini na mota ilikuwa moja, imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amestaafu. Msusi alipomwekea stata, lile gamba la mota linalobeba koili, mapajani siku ya kwanza, kijana wa watu aliishika kwa mikono miwili na kuitazama kama mtu anayekutanishwa na ndugu aliyekuwa akisimuliwa habari zake tangu utotoni. Msusi alicheka mpaka akaegemea ukuta, na tangu kicheko hicho moyo wake haukutulia tena.

Alijifunza, hilo tusimnyime. Alijifunza kukata karatasi ya kuzuia umeme, kulaza koili kwenye mifereji kwa kijiti cha mwanzi bila kuuchubua waya, kuifunga, kuioka. Na alijifunza kungoja. Msusi akisema "sitini na mbili", kabla hajaanza koili nyingine, Digrii alikuwa na nafasi ya neno moja tu kutoka kwenye benchi. Mwanzoni neno lilikuwa "safi". Baadaye likawa "pumzika". Siku moja ya mvua, mtaa mzima umejifungia ndani, neno likawa "nakupenda". Msusi hakugeuka. Alimaliza sitini na mbili nyingine bila kukosea hata moja, ila masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Basi miezi mitatu iliyopita Digrii akapata kazi kiwandani. Tangazo lilisema asiye na digrii asijisumbue, na hapo Msusi alitabasamu peke yake, maana mota za kiwanda hichohicho zilizoungua zilikuwa zinamfikia kupitia mlango wa nyuma, zimeletwa na dalali, na zinarudi kiwandani zimepona bila mtu kuuliza ni nani aliyezitibu. Kwenye usaili waliwekewa waombaji sita mota iliyokufa. Watano walieleza. Digrii aliomba bisibisi. Walipomuuliza mikono hiyo aliitoa wapi, alisema ni mazoezi ya vitendo chuoni. Jioni alimsimulia Msusi huku anacheka, na Msusi naye akacheka, akamwambia na mimi sasa ni chuo, nitakutoza ada. Walicheka wote wawili bila kinyongo. Ndivyo mtu anavyocheka wakati bado hajaumia.

Jumamosi tunayoizungumzia, Msusi alikuwa anasuka mota ya mashine ya kusaga. Mwenye mashine alishapiga simu mara nne tangu asubuhi, kila mara akisema hampigii kumharakisha. Ilitakiwa iwe tayari adhuhuri. Koili zilikuwa zimebaki nne, mkono umeshapata mwendo, na hesabu ilikuwa imefika arobaini na moja wakati Digrii alipoingia na bahasha ya kaki kifuani.

"Msusi," akasema, "acha kwanza. Nina habari."

Mpini ukasimama. Arobaini na moja ilikuwa hapo, mara haipo. Msusi alimtazama kwa muda, si kwa hasira, zaidi kwa mshangao, kwa sababu katika watu wote waliowahi kukanyaga karakana hiyo, huyu ndiye pekee ambaye hakuwahi kumsemesha katikati. Kisha akaanza kuufungua waya wote aliouzungusha.

"Samahani," Digrii akasema. "Lakini ukisoma hii utanisamehe mwenyewe."

Msusi alifuta mikono kwenye kanga kuukuu, akaipokea barua kwa ncha za vidole. Juu kabisa kulikuwa na jina lake, lile refu la kwenye vyeti ambalo mtaa mzima haulijui. Chini yake chuo kilikuwa na furaha kumfahamisha kwamba amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme, miaka minne, na kwamba nusu ya ada italipwa na mfuko wa ufadhili. Alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Akakaa juu ya mota ya watu.

Msomaji, usije ukamdhania vibaya kwa yaliyofuata. Aliitaka barua ile. Aliitaka jinsi mtu anavyotaka maji. Kwa miaka saba alikuwa akipita nje ya uzio wa chuo akijifanya anaangalia upande wa pili, na kila mara msimamizi wa kiwanda, asiyejua koili iliyoungua na koili mbichi, alipomuuliza dalali "huyo fundi wako ana cheti?", Msusi alilala usiku huo akiangalia dari. Kwa hiyo kilichomjia kwanza kilikuwa furaha, na furaha hiyo ilimtoa machozi.

"Umeipataje?" akauliza.

Digrii akapiga magoti mbele yake, suruali yake mpya kwenye vumbi la chuma, akamweleza kwa pumzi moja. Vile vyeti vya sekondari alivyompa mwezi wa pili akavitie plastiki, alivitoa nakala. Akamjazia fomu. Akaipeleka mwenyewe. Hakutaka kumwambia kabla ya majibu kwa sababu alijua angekufa moyo kama wangemkataa. Mkono wake ulikuwa juu ya goti la Msusi muda wote huo, na Msusi aliuacha, kwa sababu ulikuwa mkono anaoupenda.

"Na mama amekubali," akamalizia. "Nimemwambia jana. Amesema ukianza chuo, atakwenda mwenyewe kwa shangazi yako kuzungumza habari za posa. Yeye mwenyewe, Msusi. Anakuja hapa saa hii hii kukuona."

Mama yake Digrii alikuwa ndiye mlima wa safari yao. Kwa miaka ishirini alifua na kupiga pasi nguo za watu, na mtaa ulimjua kwa jina la Mama Dobi. Tangu mwanawe apate kazi aliisukumia pasi uvunguni na kuwaomba majirani wamwite Mama Injinia. Majirani walikubali mbele yake. Kuhusu Msusi alikuwa ameshatamka kwa kinywa chake kwamba hakumsomesha mtoto aje kuoa grisi, na maneno hayo yalimfikia Msusi siku hiyohiyo, yakiwa ya moto.

"Kwa hiyo hii barua ni yangu," Msusi akauliza taratibu, "au ni ya mama?"

"Si yako? Jina la nani hilo?"

"Nauliza tu."

Akauliza na mengine. Nusu ya ada iliyobaki itatoka wapi? Kwenye mshahara wake Digrii. Na karakana? Hapo Digrii alijikuna shingo. Alisema masomo ni ya mchana, kwa hiyo karakana isingewezekana, ila chumba wasingekiacha hivihivi, wangekipangisha. Kwa kweli alikuwa ameshaongea na dada mmoja aliyekuwa anatafuta mahali.

"Dada wa nini?"

"Wa saluni."

Msusi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amepanga kila kitu, mpaka mahali pa kuweka vioo, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyebeba zawadi kubwa ambayo haipiti mlangoni. Ungemkasirikia vipi mtu wa namna hiyo? Na ungeacha vipi kumkasirikia?

"Mashine ya baba itakwenda wapi?"

"Tutaihifadhi. Msusi, ni miaka minne tu. Ukitoka huko hakuna atakayekuingiza kwa mlango wa nyuma tena. Wewe mwenyewe umesema mara ngapi kwamba kinachokukwamisha ni karatasi?"

"Nimesema."

"Basi hiyo hapo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi. Msusi alinyanyuka akazunguka meza ya kazi, akashika kijiti cha mwanzi, akakirudisha. Alimwambia hakatai kusoma. Alimwambia yeye Msusi ndiye shahidi kwamba karatasi bila mikono ni hasara, na mikono bila karatasi inaliwa na madalali, kwa hiyo asimhubirie. Alichokuwa anauliza ni kwa nini hakuulizwa. Yapo masomo ya jioni. Ni marefu zaidi, lakini yapo, na mlango huu ungebaki wazi. Digrii akajibu kwamba ya jioni hayana ufadhili, tena mama hawezi kungoja miaka sita. Akasema hilo la mwisho kwa sauti ya chini, lakini lilisikika.

Msusi aliichukua tena bahasha ili aone tarehe ya kuripoti, na nyuma ya barua akakuta karatasi nyingine. Ilikuwa nakala ya fomu. Ilijazwa kwa mwandiko wa Digrii, ule mwandiko ulionyooka ambao ndio ulioandika namba za nyaya kwenye kila rafu ya karakana hiyo. Jina la mwombaji. Tarehe ya kuzaliwa. Shule. Halafu mstari wa tisa: Kazi ya mwombaji. Mbele yake, herufi nne nadhifu.

"Hana," Msusi akasoma.

"Eh?"

"Umeandika hana."

"Aa, hiyo." Digrii akatoa kicheko kidogo cha kutafuta pa kutokea. "Ni fomu tu hiyo. Ufadhili ni kwa wasichana wasio na kazi. Ningeandika fundi, wangesema ana kipato, ungelipa yote. Nimekutafutia wepesi."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Huko nje pikipiki ilipita, ikatokomea. Msusi alikuwa bado anaiangalia karatasi. Si kwamba hakuwahi kutukanwa. Wateja walishamwambia awaitie mwanamume, dalali alishampunja mbele ya macho yake, na Mama Dobi na hiyo grisi yake. Yote aliyameza na siku ikaisha. Lakini wote hao walikuwa watu wa pembeni. Digrii alikuwa ndani. Huyu alimwona akitoka kwenye mashine na vidole vinavyovuja damu, alimpaka mafuta vidole hivyohivyo.

"Mwaka mmoja na nusu umekaa kwenye hilo benchi," akasema. "Ulikuwa unafundishwa na mtu asiye na kazi?"

"Msusi, tafadhali. Ni neno moja."

"Kwenye usaili ulisema chuoni. Nalo lilikuwa neno moja."

Digrii hakuwa ametegemea hilo litoke, na Msusi mwenyewe hakujua kwamba alikuwa amelihifadhi.

"Kama ni neno moja," Msusi akaendelea, akivuta kalamu kutoka mfukoni mwa aproni, "lifute. Andika fundi. Andika kwa mkono wako uleule, Jumatatu tuipeleke pamoja."

"Watakunyang'anya nafasi."

"Najua."

"Unaijua thamani yake?"

"Kuliko wewe. Wewe ulipewa ukiwa na miaka ishirini, hukuwa na cha kuacha. Andika, mpenzi. Nikose chuo, lakini nisikukose wewe."

Alikuwa amesema kwa upole kabisa. Digrii aliichukua kalamu. Aliinama juu ya meza, akaiweka ncha mwanzoni mwa mstari wa tisa, na kwa muda Msusi aliamini. Aliona bega lake, aliona kola iliyopigwa pasi ikanyooka, akawaza kwamba akiandika tu, herufi ya kwanza tu, atamsamehe na saluni, na vyeti, na kila kitu. Kalamu haikusogea.

"Hodi humu," ikasema sauti mlangoni, na Digrii akainuka haraka kama mtu aliyefumaniwa, kalamu ikarudi mezani.

Mama Dobi aliingia akiwa ameinua pindo la gauni lake jipya. Viatu vilikuwa vipya pia. Alikuwa akitafuta pa kukanyaga. Msusi alimwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa ustaarabu. Mwanawe alimtandikia gazeti kwenye benchi. Alikaa nusu, akaweka mkoba mapajani, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzunguka, akaanza.

Alisema hana ubaya na binti wa watu. Anajua ni mchapakazi, na kwamba hana wazazi, na hilo linamsikitisha. Lakini naye binti amwelewe. Aliachwa na mimba ya huyu mtoto, akaambiwa atakufa maskini, akamsomesha kwa kuinama. Alikuwa akimpelekea nguo mke wa daktari, anaingilia jikoni, anatokea jikoni. Alijiapia kwamba mwanawe ataingilia mlango wa mbele, na atakayeingia naye awe wa mbele pia.

"Watu wataniuliza, binti yangu," akamalizia. "Mke wa mwanao anafanya nini? Hapo mimi niseme nini? Lakini ukisema yuko chuo, basi, hakuna swali la pili. Ndiyo maana nimefurahi."

Msusi alisikiliza yote bila kumkatiza. Kuna wakati alitamani amchukie mama huyu ili mambo yawe mepesi, na hakuweza.

"Mama," akasema, "wakikuuliza ninachofanya, uwaambie kama mwanao alivyoandika." Akampa fomu, kidole kikiwa mstari wa tisa.

Digrii alinyoosha mkono kuizuia, akachelewa. Mama Dobi alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akasoma polepole kwa kufuatisha kidole. Alifika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo. Kisha akainua macho, akayazungusha karakanani: mota kumi na kitu zimepangwa ukutani, kila moja na kikaratasi cha mwenyewe, koili za shaba zimening'inia misumarini, oveni ya bati inatoa joto kwenye kona.

"Hana kazi?" akasema. "Na hizi ni nini?"

Mwanawe akamweleza habari ya ufadhili. Alieleza vizuri, yeye ni mzuri wa kueleza. Mama alimsikiliza huku bado ameishika karatasi, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mama ulivyozidi kutulia, utulivu wa mtu anayekumbuka kitu.

"Na fomu yako wewe?" akauliza.

"Ipi, mama?"

"Ya chuo. Ulikuja nayo ninapiga pasi, ukanipa ukurasa wa mwisho nitie sahihi. Ulisema mbele hakuna kitu cha maana. Kulikuwa na mahali pa mzazi?"

"Mama, hiyo ni ya zamani."

"Kulikuwa na kazi ya mzazi?"

Digrii alimtazama Msusi, kana kwamba huko kungetoka msaada. Msusi alitazama chini.

"Kulikuwapo."

"Uliandika nini?"

"Hana," akasema.

Mama Dobi akavua miwani. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kwenye kiganja cha mkono wa kulia alikuwa na kovu refu la pasi ambalo gauni jipya halikuweza kulificha.

"Ilikuwa ili nipate mkopo," Digrii akasema. "Mtu mwenye mzazi asiye na kazi alikuwa anapata."

"Ukapata?"

"Nusu."

"Na ile nusu nyingine, baba, kwa miaka minne, aliitoa nani?"

Mama hakungoja jibu. Alisimama. Safari hii hakuinua pindo la gauni; lilipita kwenye mafuta na likabaki na doa. Alimrudishia Msusi karatasi yake mkononi, akaubakiza mkono kidogo, wa kwake mkavu, wa mwenzake mweusi. Msusi alidhani atasema neno la kumkubali. Wapi.

"Mimi bado nataka usome," Mama Dobi akasema. "Hilo sijalibadilisha. Lakini si kwa hii."

Alipofika mlangoni mwanawe alimfuata akiita mama, mama. Alimwambia bila kugeuka kwamba njia anaijua, amekwenda kwa miguu nyumba za watu miaka ishirini. Akaondoka.

Digrii alirudi ndani. Alionekana mdogo ghafla, na Msusi, aliyempenda jana na juzi na aliyekuwa bado anampenda dakika hiyohiyo, ilibidi ajizuie kwa kuishika meza. Digrii alisema alikuwa anawatafutia njia wote wawili, yeye na mama. Alisema hakuna mtu duniani anayewaheshimu kuliko yeye. Msusi alimwamini. Ubaya wake ndio huo, alimwamini kabisa.

"Najua," akamwambia. "Unatuheshimu tukiwa ndani."

Kisha akaichukua kalamu mwenyewe. Aliikata ile hana kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa mwandiko wake mbaya wa mtu anayeshika koleo kutwa nzima, akaandika fundi wa mota. Machozi yakadondoka mstari wa kumi, kwa sababu alijua anachokifanya. Alikuwa anaitupa kwa mkono wake barua aliyoingojea miaka saba. Akamwambia Digrii kwamba Jumatatu ataipeleka mwenyewe, wakimnyima watamnyima, na mwakani ataomba ya jioni, miaka sita, kwa pesa itakayotoka kwenye mikono hii.

"Na sisi?" Digrii akauliza.

Msusi alimwangalia usoni kwa urefu, kwa njaa, kila kitu, nyusi, kidevu, lile kovu dogo la waya aliloliponya yeye. Simu ikaanza kulia mezani. Alikuwa ni mwenye mashine ya kusaga, anapiga kwa mara ya tano.

"Nenda kwa mama yako," akasema.

"Nirudi lini? Leo jioni? Kesho? Msusi, nirudi tuongee. Niambie lini."

Msusi aliketi kwenye mashine, akaushika waya, akauvuta ukanyooka, akampa mgongo ili asione uso wake.

"Sijui," akasema. "Sasa hivi nina kazi."